Kituo cha Saba

Kazi ilikuja kwa WhatsApp, kama kazi zangu nyingi. Mtu aliyepata namba yangu kwa rafiki wa rafiki alitaka mwongozo mfupi wa kutembea Kisumu kwa miguu, bila mtu wa kukuongoza. Mgeni anashuka melini, ana saa nne mkononi, anafungua simu na kufuata namba: kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka arudi melini kabla honi haijapigwa.

Nikauliza, meli gani? Akasema zitakuja. Bandari imekarabatiwa, ziwa ni letu pamoja na Uganda na Tanzania, na iko siku watalii watazunguka kutoka Mwanza hadi Entebbe hadi hapa. Siku hiyo isitukute bila mwongozo.

Sikubishana. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Isitoshe, niliacha chuo mwaka wa pili nikisoma historia, karo ikiwa imenishinda, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kutaka kunilipa kwa hiyo historia yenyewe. Nikaandika vituo saba. Baada ya siku mbili jibu likaingia: "Iko poa sana. Toa ya saba. Hawa watu wako likizo."

Nikatoa. Nikalipwa. Halafu nikakaa wiki nzima nikijisikia kama mtu aliyeuza kitu kisicho chake.

Kwa hivyo hii hapa ni safari nzima, yenye vituo vyote saba. Nimeiandika upya kwa ajili yako wewe ambaye hutashuka kwenye meli yoyote. Labda umezaliwa hapa, labda umekuja wikendi kumwona shangazi. Vaa viatu vya kutembea. Beba maji. Jua la Kisumu halina adabu, kwa hivyo anza asubuhi.

Kituo cha 1: Gatini

Anza ziwani, maana mji nao ulianzia hapo. Wengi wanalihusisha jina Kisumu na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana: wewe una nafaka, mimi nina samaki, tukutane. Soko lilikuwepo kabla ya gati, na gati lilikuwepo kabla ya reli.

Hilo la mwisho huwashangaza watu. Meli ya kwanza ya mvuke ya Waingereza kwenye ziwa hili iliitwa William Mackinnon. Ilitengenezwa Scotland vipande vipande, ikafungwa kwenye mizigo, ikasafirishwa hadi Mombasa. Kutoka hapo sehemu ya safari ilikuwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Iliunganishwa hapa Kisumu na kuingia majini mwaka 1900, reli ikiwa bado haijafika. Hebu fikiria kubeba kipande cha meli kutoka bahari moja kwenda kwenye maji ambayo hujawahi kuyaona, halafu jina linaloandikwa ubavuni ni la mwenye kampuni.

Baadaye zikaja nyingine: Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga, Rusinga. Ukitaka kujua nani alikuwa na haki ya kutaja vitu, soma majina ya meli. Ni hapa ambapo Winston Churchill alipanda Clement Hill mwaka 1907 kwenda Entebbe, akiwa naibu waziri wa makoloni. Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, naye akapitia hapa mwishoni mwa 1909. Wote wawili waliandika vitabu kuhusu safari zao. Yaani mtu wa kushuka hapa kwa saa chache, kutazama, kuandika na kuondoka si jambo la kesho. Mji huu umeandikwa na abiria kwa zaidi ya miaka mia moja.

Leo ukibahatika utaiona MV Uhuru, iliyoanza kazi mwaka 1966. Ina reli juu ya sitaha, mabehewa yanaingia yenyewe na kuvushwa hadi Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa kama vyombo vya ndoa iliyovunjika. Uhuru ikabaki kwetu, Victoria na Umoja zikaenda Tanzania. Uhuru ikalala miaka mingi, ikafufuliwa mwaka 2019. Dada yake, Uhuru II, imeundwa hapa hapa Kisumu. Safari hii hakuna mpagazi aliyebeba kitu kichwani.

Kituo cha 2: Stesheni

Kutoka gatini hadi stesheni ni hatua chache, na hiyo si bahati. Reli ilijengwa kwa ajili ya maji. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikatembea zaidi ya kilomita 900 na kugusa ziwa Desemba 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walikufa njiani, kwa magonjwa, ajali na wale simba wa Tsavo ambao kila mtu anawajua kwa sababu simba wana stori tamu kuliko kuhara damu.

Msumari wa mwisho ulipigiliwa na Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli, na mji ukaitwa Port Florence. Jina halikudumu. Watu waliendelea kusema Kisumu mpaka ramani ikachoka kubishana nao.

Hiki ndicho kichekesho cha stesheni hii. Iliitwa Reli ya Uganda, na ilipofika hapa ilikuwa imefika Uganda kweli, kwa sababu wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya mipaka ya Uganda. Mwaka uliofuata, 1902, mstari ukachorwa upya ofisini na eneo hili lote likahamishiwa upande wa pili. Watu walilala Uganda, wakaamkia nchi ambayo baadaye ingeitwa Kenya, na hakuna aliyewauliza. Kila mara mtu anaposema siasa za Nyanza zilianza juzi, mimi huikumbuka hiyo kalamu.

Mwaka 1931 njia nyingine ya reli, ile ya kupitia Eldoret, ikafika Kampala. Mzigo wa Uganda haukulazimika tena kupanda meli, na Kisumu ikaanza kupungua uzito. Ni kweli kwamba miaka hiyo hiyo ndege za kutua majini za Imperial Airways zilikuwa zikishuka ziwani hapa zikitoka Uingereza kuelekea kusini. Lakini ndege zilibeba barua na matajiri wachache. Pamba na kahawa zilikuwa zimeshapata njia nyingine. Treni ya abiria kutoka Nairobi ilisimama kwa miaka, ikarudi Desemba 2021.

Kituo cha 3: Lwang'ni

Rudi ukingoni mwa ziwa. Kwa Kijaluo lwang'ni ni nzi, na mahali hapa palipata jina hilo kwa sababu ya kile nzi walichokuja kutafuta: samaki. Mabanda ya mabati yalikuwa yamepangana yakitazama maji. Ulichagua ngege wako angali mzima mzima kwenye beseni, ukaketi kwenye kiti cha plastiki, akaletwa amekaangwa na ugali mkubwa kama kofia. Upande ule magari yalioshwa ziwani. Haikuwa safi sana. Ilikuwa yetu.

Bandari ilipokuwa ikikarabatiwa mabanda yakabomolewa. Sitakudanganya kwamba hakukuwa na sababu. Ardhi ilikuwa ya reli, na gati bila nafasi halifanyi kazi. Lakini fikiria mama aliyesomesha watoto wanne kwa kukaanga samaki mahali pamoja kwa miaka ishirini. Kwake, siku ya kufufuliwa kwa bandari ilikuwa siku ya kuanza upya. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na mwongozo unaotaja moja tu ni tangazo la biashara.

Ukitazama maji utaona gugumaji, lile jani la kijani lenye ua la zambarau ambalo wageni hupenda kulipiga picha. Limekuwa upande wetu wa ziwa tangu miaka ya tisini. Likisukumwa na upepo kuingia Ghuba ya Winam, mvuvi anaweza kuamka akakuta hana ziwa.

Kituo cha 4: Mtaa wa Oginga Odinga

Panda sasa kuelekea mjini. Huu ndio mtaa wa maduka ya zamani, yale yenye kibaraza mbele na nyumba ya familia juu. Wahindi waliokuja na reli, na waliofuata nyuma yake kama Allidina Visram aliyefungua maduka kila reli iliposogea, ndio waliougeuza mwisho wa reli kuwa mji wa biashara. Simama kwenye mnara wa saa. Ulizinduliwa mwaka 1938 na gavana Robert Brooke-Popham, kwa kumbukumbu ya mfanyabiashara Mhindi. Ni jambo la kufikiria: gavana Mwingereza anakata utepe, familia ya Kihindi inalipa, na mtu anayepita chini ya saa akikimbia kazini ni Mwafrika.

Mtaa wenyewe una jina la mtu ambaye utamhitaji tukifika mwisho wa safari. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa mwalimu Maseno, kisha akaingia biashara na kuanzisha Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947, kwa imani kwamba mtu asiye na senti yake hawezi kusimama mbele ya mzungu. Kenya ilipokuwa jamhuri akawa makamu wa kwanza wa rais. Mwaka 1966 alijiuzulu na kuunda chama cha upinzani, KPU.

Kituo cha 5: Soko la Jubilee

Hapa sina mengi. Ingia, nunua ndizi, uliza bei ya omena, sikiliza. Ukiuliza bei kwa Kijaluo kibovu utapunguziwa kwa huruma. Kunywa maji, bado kuna njia.

Kituo cha 6: Barabara ya Jomo Kenyatta

Kutoka mtaa wa Odinga hadi barabara ya Kenyatta ni mwendo wa dakika chache kwa mguu. Mteja wangu alipenda kituo hiki kwa sababu ya benki na mahali pa kunywa kahawa. Mimi nilikiweka kwa sababu ndiyo njia ya kufika kituo cha saba. Fuata barabara hii kaskazini, upande wa Kondele na Kakamega. Kama miguu imechoka panda boda, mwambie tu: "Russia."

Kituo cha 7: Russia

Ni hospitali. Jina rasmi leo ni Jaramogi Oginga Odinga Teaching and Referral Hospital, lakini hakuna mtu wa boda atakayekuelewa haraka ukisema yote hayo. Ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, msaada uliotafutwa na Odinga wakati bado yuko serikalini. Ndiyo maana ni Russia mpaka kesho.

Mimi nilizaliwa Russia. Dani, mama yake mama yangu, ndiye aliyenibeba siku ya kurudi nyumbani. Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akisimulia siku hospitali hiyo ilipofunguliwa, ingawa alikuwa mtoto wa shule hapa mjini wakati huo. Alikuwa ameletwa kutoka Kendu Bay kukaa na mjomba wake, kwa meli, enzi zile meli zilikuwa zikipita Kendu na Homa Bay kama matatu za leo. Meli hiyo anaisimulia hadi rangi ya viti. Ufunguzi wa hospitali, hapana.

Nilipokuwa nikiandika kituo hiki nikamuuliza.

"Dani, ile siku ya Kenyatta ulikuwa wapi?"

"Siku hiyo nilikuwa na malaria."

Akaendelea kuchambua omena. Nikaacha.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, kwa yale yanayojulikana. Mwaka 1969 ulikuwa mbaya tayari. Tarehe 5 Julai Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi na Nyanza nzima ikaingia kilioni. Tarehe 25 Oktoba, siku ya Jumamosi, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali hii. Odinga alikuwepo. Umati ulikuwa na hasira, wafuasi wa KPU wakapaza sauti, na Kenyatta akamjibu Odinga kwa maneno makali mbele ya watu wote. Mawe yakarushwa. Walinzi wa rais wakafyatua risasi kwenye umati, na wakaendelea msafara ulipokuwa ukiondoka, barabarani, ambako watu walikuwa wamejipanga kutazama.

Serikali ilisema waliokufa ni 11. Watu wa hapa hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Odinga na wenzake wakawekwa kizuizini. Yeye aliachiliwa mwaka 1971. Kenyatta hakurudi Kisumu mpaka alipofariki mwaka 1978. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mauaji haya kwenye ripoti yake ya mwaka 2013. Ripoti ile ni nene, na sijakutana na mtu wa rika langu aliyeisoma.

Sasa rudisha macho kwenye ramani. Hospitali ambayo risasi zilipigwa siku ya kufunguliwa kwake imepewa jina la aliyewekwa kizuizini. Barabara uliyopitia kufika ina jina la aliyemweka. Ukienda mbele kidogo hadi Mamboleo utakuta Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ambako sherehe za Madaraka zilifanyika mwaka 2021. Tumeandika majina ya wakubwa wote wawili kwa herufi kubwa, kila mmoja na kibao chake, kama watu waliogawana mji kwa amani. Waliokufa katikati yao hawana hata kichochoro.

Ndiyo maana kituo hiki hakikuwa cha kutolewa. Mteja wangu si mtu mbaya. Alidhani anaondoa huzuni ili mgeni afurahie mji. Lakini bila kituo cha saba, vile sita vingine vinasema uongo kwa upole. Bandari iliyojengwa kwa jasho la wapagazi, mpaka uliochorwa bila kuuliza, mabanda yaliyoondolewa: vyote vinageuka kuwa visa vya kuchekesha vya mji mdogo wenye samaki watamu. Mtu wa hapa akiuliza kwa nini reli ilidorora, kwa nini meli zililala, kwa nini kila uchaguzi Kondele inanuka matairi yaliyochomwa, mwongozo hauna jibu. Sisemi kila tatizo letu lilianza Jumamosi ile. Nasema huwezi kuelewa mji unaoogopa msafara wa serikali kama hujui msafara uliwahi kufanya nini.

Na sisi tunashiriki. Mimi nilifuta aya nne kwa ajili ya kodi ya mwezi mmoja. Mwalimu wangu wa historia wa sekondari, niliyempenda sana, aliruka kutoka uhuru hadi katiba mpya kama mtu anayeruka mtaro.

Wiki mbili baada ya kulipwa nilienda tena kwa Dani. Nilikuwa nimemnunulia sukari kwa pesa zile zile. Nikamwambia kazi imekatwa, sehemu ya Russia imetolewa. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Wamesema kwa nini?"

"Wamesema wageni wako likizo."

Akacheka kidogo, si cheko la furaha. "Nyathina, malaria haikuwepo," akasema.

Walikuwa wamefundishwa wimbo shuleni, kwa Kiswahili, wa kumkaribisha rais. Walifanya mazoezi siku nyingi. Sare zilifuliwa Ijumaa. Walipangwa kando ya barabara na kuambiwa wapunge mikono gari likipita. Aliposikia milio alidhani ni fataki za sherehe na akaendelea kupunga, mpaka mwanamke asiyemjua akamshika shingo na kumlaza kwenye mtaro. Alipofika nyumbani jioni, mjomba wake alichoma kibendera cha karatasi alichokuwa nacho na kumwambia: mtu akikuuliza, leo ulikuwa na malaria. Jumatatu shuleni mwalimu alichukua mahudhurio na hakutaja Jumamosi. Mwaka mzima, wakiulizwa, nusu ya darasa walikuwa na malaria.

"Na wimbo?" nikauliza. "Unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Niimbie."

"Hapana." Akasukuma sinia ya omena pembeni. "Lakini andika kwamba tuliimba vizuri."

Nimeandika.

Ukifika kituo cha saba huhitaji tiketi. Simama upande wenye kivuli, upishe ambulensi, usipige picha za wagonjwa. Itazame barabara ikishuka kurudi mjini na ziwani. Ndiyo uliyopanda nayo. Kisha rudi nyumbani, umtafute mtu wako aliyekuwa mtoto wa shule mwaka ule. Usianze na risasi. Muulize waliimba wimbo gani. Akikuambia alikuwa na malaria, mwekee chai, ukae.